Maziwa yananitoka kiwandani, mwanangu yuko nyumbani na njaa

Mama, shikamoo.

Naomba jina langu ulifiche. Nina miaka 27, naishi Igoma hapa Mwanza, nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Huu ni mwaka wangu wa nne. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa kibarua, halafu nikapewa mkataba wa kudumu. Niko meza ya kukata: sangara anakuja, unamshusha minofu, unasukuma mapanki pembeni, anakuja mwingine. Kutwa umesimama ndani ya mabuti na sakafu ina maji ya barafu. Kazi yenyewe siilalamikii, ndiyo iliyomsomesha mdogo wangu hadi kidato cha nne.

Nimejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Likizo nilipewa siku 84 zote na mshahara, hapo siwezi kuwasingizia. Nilianza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua, kwa hiyo nimerudi kazini mtoto akiwa na wiki kumi. Siku ile ile niliyorudi nikaitwa ofisi ya utumishi. Nikaambiwa mkataba wa zamani umekatika kwa sababu ya likizo, huu ndio mpya, wa miezi mitatu. Nilisaini, Mama. Nyuma yangu kulikuwa na foleni na mimi nilikuwa nawaza kuwahi mezani. Nakala sikupewa, ila niliipiga picha kwa simu yule dada alipoinama kutafuta mhuri.

Mtoto namwacha na mama mkwe. Kutoka nyumbani hadi kiwandani ni daladala mbili, kama dakika hamsini. Tunaanza saa 1 asubuhi, tunatoka saa 11 jioni. Ikifika saa 5 matiti yamejaa kama mawe. Siku ya tatu tangu nirudi maziwa yalipenya mpaka yakaonekana kwenye koti jeupe. Msimamizi wetu, mama mtu mzima mwenye watoto wanne, alinitoa mezani mbele ya wenzangu akasema nachafua minofu ya watu. Tangu hapo nakwenda chooni, nakamulia kwenye sinki huku naangalia mlango, namwaga, narudi. Kila nikifungua bomba yaende, naona mwanangu anavyolia nyumbani. Mama mkwe anampa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe aliyoyazimua kwa maji, anasema afanyeje. Wiki mbili zilizopita titi la kushoto lilivimba, nikapata homa. Zahanati walinipa dawa na cheti cha kupumzika siku mbili. Mshahara ulipotoka, zile siku mbili zimekatwa.

Niliuliza habari za saa mbili za kunyonyesha. Msimamizi akaniambia, "Hizo ni za wafanyakazi wa serikali. Sisi huku sote tumezaa na sote tumerudi mezani." Ofisi ya utumishi wakasema saa ya chakula ndiyo hiyo hiyo ya kunyonyesha, na nikitaka kutoka mapema nitakatwa. Halafu ratiba mpya imebandikwa: mwezi ujao niko zamu ya usiku.

Kuna mwenzangu ana mimba ya miezi mitano. Anajifunga kanga tumboni chini ya koti isionekane, maana ameona yaliyonikuta. Anabeba makreti kama sisi wote.

Mume wangu ni dereva wa bodaboda, anasema niache kazi. Mama mkwe anasema nivumilie. Wiki sita zimepita tangu nirudi. Kweli hizo saa mbili si zetu? Na nikizidai sitafukuzwa?

Mama Mchanga, Igoma

*

Marahaba, mwanangu. Hongera ya uzazi. Nimesoma barua yako mara mbili na sikuona mahali ambapo mtu wa kazini kwako alikupa hongera, basi pokea yangu.

Jibu kwanza, maana umelingoja wiki sita. Saa mbili ni zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inasema mwajiri atamruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumlisha mtoto wakati wa saa za kazi, hadi kufikia saa mbili kwa siku. Haikuandikwa kwa ajili ya serikali peke yake. Inawahusu waajiriwa wote Tanzania Bara, wa ofisini, wa dukani, wa shambani na wa kiwandani, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Wewe unayekata sangara umo, sawasawa na mhasibu anayekuandalia mshahara.

Sasa yasome maneno yenyewe pole pole, kwa sababu ndiyo utakayokwenda nayo. Sheria imesema "wakati wa saa za kazi". Saa ya chakula si saa ya kazi. Ni mapumziko, na yana kifungu chake mbali: ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili kupumzika angalau dakika 60. Hizo ni haki mbili zilizokaa mahali pawili katika sheria moja. Wakikuambia saa ya chakula ndiyo ya kunyonyesha, wamechukua mbili wakakurudishia moja, na hiyo moja ulikuwa nayo kabla hujapata mimba. Na kwa kuwa muda huo umo ndani ya saa za kazi, kukukatia mshahara kwa ajili yake hakuna msingi. Mwajiri hakati mshahara kwa kupenda kwake. Makato yana masharti yake kisheria.

Sheria imesema pia "hadi saa mbili", na hapo wanaweza kukubana. Watakuambia hadi si lazima zifike, tunakupa nusu saa. Wajibu kwa safari yako. Mwenye mtoto kwenye nyumba ya jirani na kiwanda nusu saa inaweza kumtosha. Wewe una daladala mbili na dakika hamsini kwenda peke yake. Nusu saa itakuishia kituoni.

Mimi nimesimama hapo uliposimama. Mwaka 1988 nilikuwa kwenye mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo hapa hapa Mwanza, na kifungua mimba wangu alikuwa na miezi mitatu. Nilikuwa nakunja vipande vya kanga kuukuu naviweka kwenye sidiria, saa nne nabadilisha, saa saba nabadilisha tena, jioni navibeba kwenye mfuko vikinuka maziwa yaliyochacha. Tulikuwa wanawake sita wenye watoto wachanga. Mmoja akisimamia mashine mbili, mwenzake anakwenda uzio wa nyuma ambako yaya alikuwa analeta mtoto. Nilinyonyesha nikiwa nimechuchumaa, mgongo umeegemea matofali, naangalia saa ya mkononi ya mwenzangu aliyeniazima. Dakika kumi na mbili. Nazikumbuka kwa sababu mwanangu alikuwa mzito wa kuamka, na mara nyingi zilikwisha ndiyo kwanza anaanza kuvuta vizuri, nikamchomoa akiwa bado ana njaa. Siku hizo hakuna aliyetuambia neno sheria. Baadaye nilipochaguliwa kuwa mwakilishi wa wafanyakazi ndipo nilipoanza kusoma, na nimekuwa nikisoma mpaka leo.

Ndiyo maana lile neno la msimamizi wako, kwamba sote tumezaa na sote tumerudi mezani, limeniuma kuliko mengine yote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye ni mzazi wa wanne. Naamini kabisa aliteseka. Labda naye alikamulia kwenye sinki lile lile. Lakini mateso yake hayawezi kuwa kipimo cha kukupimia wewe. Usigombane naye hata hivyo. Hana mamlaka ya kukupa wala kukunyima hizo saa. Mazungumzo yako ni ya mwajiri, na yawe kwa maandishi.

Kabla ya maandishi, nimalize habari ya ule mkataba, maana hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko unavyodhani. Likizo ya uzazi haikati mkataba. Kifungu hicho hicho cha 33 kinampa mama haki ya kurudi kazini kwa masharti yale yale aliyoyaacha alipokwenda kujifungua. Uliondoka ukiwa na mkataba wa kudumu, ulitakiwa urudie mkataba wa kudumu. Sheria imekwenda mbali zaidi: mwajiri akimzuia mama kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, kitendo hicho kinahesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi, hata kama hakuna barua ya kufukuzwa.

Utaniambia, lakini Mama, nilisaini. Najua. Watu wengi husaini siku ya kwanza ya kurudi, siku ambayo mwili bado una uchovu na akili iko kwa mtoto. Sahihi yako haifuti kiwango cha sheria. Likizo ya uzazi na haki zinazoambatana nayo ni viwango vya ajira, vinaingia katika kila mkataba. Mkataba unaweza kukupa zaidi ya hapo, kukupa chini ya hapo hauwezi, labda pale sheria yenyewe inaporuhusu. Wala miaka yako minne haikufutika. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali inamhusu aliyefanya kazi kwa mwajiri yule yule miezi sita au zaidi, iwe kwa mkataba mmoja au kwa mikataba kadhaa. Hawawezi kuanza kukuhesabu upya kama mtu aliyeingia getini juzi. Ile picha uliyopiga, itume kwenye simu ya mumeo leo, na ya mdogo wako. Simu huibiwa, simu huanguka majini.

Hilo la kufukuzwa, nisikudanganye kwamba haliwezi kutokea. Waajiri huvunja sheria kila siku. Ila ujue umesimama juu ya nini. Sheria imeandika wazi kwamba sababu inayohusiana na mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mimba imetajwa pia miongoni mwa mambo ambayo ni marufuku kumbagua mtu kwayo. Wakikutoa, unaweza kudai urudishwe kazini au ulipwe fidia ya mishahara ya miezi. Na ile hofu yako ya miezi mitatu kuisha, hata kutokuongezwa mkataba kunaweza kuwa ni kuachishwa kazi, endapo ulikuwa na sababu za msingi kutarajia uongezwe. Mtu wa miaka minne katika meza ile ile anazo sababu.

Zamu ya usiku. Sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mama aliyejifungua hatakiwi kupangiwa usiku katika miezi miwili ya kwanza. Yako imepita, na hapo ndipo wanapohesabia. Lakini sheria haikuishia hapo: hata baada ya miezi miwili, mama akileta cheti cha daktari kwamba yeye hajawa tayari kwa kazi ya usiku, au kwamba afya ya mtoto hairuhusu, asipangiwe. Wewe juzi tu ulikuwa na titi lililovimba na homa. Mtoto hajafika miezi minne na ameshaanzishwa uji. Nenda kituo cha afya pamoja na kadi ya kliniki, mweleze daktari kila kitu kama ulivyonieleza mimi, wampime mtoto uzito, na umwombe aandike anachokiona. Usimwombe akuandikie uongo, hauhitajiki. Cheti hicho kifike ofisini kabla ratiba haijaanza kufanya kazi.

Siku mbili walizokata wazirudishe. Ulikuwa na cheti cha zahanati. Mfanyakazi mwenye cheti cha daktari ana likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili. Sijui wakubwa wa kiwanda wanahangaika nini na siku zako mbili.

Sasa kalamu. Chukua karatasi, andika kwa mkono kama huna wa kukuchapia, ni halali vile vile. Anza na tarehe. Kisha andika hivi:

"Kwa Meneja. Mimi ni mfanyakazi wa idara ya kukata minofu tangu mwaka fulani. Nilijifungua tarehe fulani, nikarudi kazini baada ya likizo ya uzazi tarehe fulani. Ninanyonyesha. Kwa kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, naomba kuanzia tarehe fulani niruhusiwe kutoka saa 9 alasiri kila siku ya kazi badala ya saa 11 jioni, bila kukatwa mshahara, ili nikanyonyeshe mtoto wangu. Naomba pia mahali pa faragha na safi pa kukamulia maziwa wakati wa mapumziko ya chakula. Nakumbusha kwamba mkataba wangu kabla ya likizo ulikuwa wa kudumu, na naomba nithibitishiwe kwa maandishi kuwa unaendelea kwa masharti yale yale. Naambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na cheti cha daktari kuhusu zamu ya usiku. Naomba majibu ndani ya siku tano."

Nimeandika saa 9 alasiri kwa kuwa nimepiga hesabu ya safari yako. Wapo wanaogawa, saa moja asubuhi na moja jioni. Kwako wewe ukigawa utapata saa ya asubuhi ya kuchelewa kuondoka, lakini katikati ya siku utabaki na uchungu ule ule. Ukitoka saa 9 utafika nyumbani kabla ya saa 10, na katikati utakamua mara moja wakati wa chakula. Nimeandika "naomba", na sikukosea. Lugha iwe ya adabu, madai yawe ya sheria. Toa nakala mbili. Ya kwanza wape, ya pili wagonge mhuri wa kupokea au wasaini na tarehe. Wakikataa kupokea, nenda na mwenzako mmoja, uandike jina lake pembeni, siku na saa mliyokataliwa.

Nikirudi kwenye hilo la mahali pa kukamulia. Sheria yetu ya kazi imetupa muda, haikutaja chumba. Jirani zetu Kenya wamekwenda hatua nyingine: Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa na jokofu, na imesema wazi chumba hicho kisiwe chooni. Imesema pia mapumziko ya kunyonyesha yawe nje ya yale ya chakula. Natamani kuyaona maneno hayo katika vitabu vyetu kabla sijafa. Lakini hata bila hayo, kiwanda chako kina chumba cha huduma ya kwanza, kina ofisi zenye funguo, kina mabarafu ya kutunza samaki mpaka afike Ulaya. Kutunza nusu kikombe cha maziwa ya mtoto mpaka saa 9 alasiri hakutawashinda wakitaka.

Wakikujibu vizuri, mshukuru Mungu na uwashukuru na wao. Wasipojibu, usikae. Kanuni za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, zinatoa siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine. Umeniandikia ukiwa na wiki sita, yaani siku 42. Barua imechukua siku tano kunifikia. Nikihesabu tangu siku uliyosainishwa ule mkataba, zimebaki siku 13. Wapo watakaokuambia kunyimwa saa za kunyonyesha ni kosa linalojirudia kila siku kwa hiyo muda hauishi. Inawezekana, lakini usiweke mkate wa mtoto kwenye ubishi huo. Tume ina ofisi Mwanza. Unajaza fomu namba moja, CMA F1, unampa mwajiri nakala, mnaitwa kwenye usuluhishi. Hulipi ada ya kufungua shauri, wala si lazima uwe na wakili. Unaweza kusimama mwenyewe au na mtu wa chama cha wafanyakazi. Viwandani wengi wako TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Uliza tawi lenu liko wapi na kama kwenye hati yako ya mshahara kuna makato ya chama. Kama unakatwa, hao watu unawalipa wewe, waite. Afisa kazi wa mkoa naye ana mamlaka ya kuingia kiwandani, kukagua na kumwamuru mwajiri atekeleze sheria. Nimeona mara nyingi mambo yakimalizika siku mwajiri anapopokea simu ya afisa kazi, bila kufika Tume.

Kwa mwenzako wa miezi mitano. Mwambie aifungue hiyo kanga. Namwelewa, lakini mimba iliyofichwa haiwezi kulindwa. Sheria inataka mama amjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, kwa cheti cha daktari. Yuko miezi mitano, maana yake mwezi ujao ndio wake wa mwisho kuwa ndani ya muda. Akishajulisha, mwajiri haruhusiwi kumpa kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na kazi ikiwa ya namna hiyo anatakiwa atafutiwe nyingine inayofaa, inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua aliyokuwa nayo. Makreti ya samaki kwenye sakafu inayoteleza, mimba ya miezi mitano, hapo daktari hatahitaji maelezo marefu. Miezi miwili kabla ya kujifungua asipangiwe usiku. Anaweza kuanza likizo wiki nne kabla, na mapema zaidi daktari akisema. Akijaliwa mapacha, siku zake ni 100. Na baba watoto wake ana siku tatu za likizo, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe.

Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote na bila kumlaumu maana amefanya alichoweza, kwamba huo uji usubiri. Mtoto mpaka miezi sita anatosheka na maziwa ya mama peke yake, na yale ya ng'ombe yaliyozimuliwa yanamjaza tumbo bila kumshibisha. Wewe kamua alfajiri kabla hujaondoka, kwenye kikombe safi chenye mfuniko, mikono umeinawa kwa sabuni. Yatakaa nje kwenye ubaridi wa chumba muda wa saa nne hivi, kwenye friji yanakaa hata siku nzima. Bibi ampe kwa kikombe kidogo, taratibu, si kwa chupa; chupa huoshwa vibaya na huleta kuhara. Usiku mnyonyeshe kadiri anavyotaka. Kadiri atakavyovuta ndivyo yatakavyorudi kuwa mengi, hata kama sasa unaona yamepungua. Titi likivimba tena usiliache kunyonyesha, na homa ikirudi urudi zahanati siku hiyo hiyo, lisije likafanya jipu.

Mumeo anaposema uache kazi naamini anasema kwa huruma. Anakuona unarudi umechoka, mtoto analia, na yeye hana la kufanya. Mpe la kufanya. Asubuhi ya siku utakayopeleka barua, akupeleke yeye kwa bodaboda hadi getini, akusubiri utoke na nakala yenye mhuri. Na zile siku za wiki ambazo daladala zinajaa, saa 9 aje akuchukue.

Kabla ya hapo, kesho, nenda katoe nakala tatu za kadi ya kliniki, ukurasa wenye tarehe ya kuzaliwa na ule wa uzito. Moja ya mwajiri, moja ya Tume, moja ikae kwa mama mkwe ndani ya sanduku. Na unitumie ujumbe jioni hiyo uniambie mtoto ameongezeka gramu ngapi.